Saa Nane Bariadi, Saa Nane Daegu

Korea Kusini iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na sidhani kama kuna watu duniani ambao tofauti hiyo inawafaa kama inavyotufaa Waswahili. Bariadi ikiwa saa nane mchana, mji wa Daegu umeshaingia usiku na saa zao za ukutani zinaonyesha nane. Hapa ikiwa saa mbili asubuhi, kule ni mbili ya alasiri. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Jua ndilo linalotofautiana. Namba ni ile ile. Kwa hiyo miadi yangu ya Jumamosi huipanga kwa neno moja tu, "nane", na mama ninayeongea naye hupokea simu akiwa ameshaosha vyombo vya chakula cha jioni, wakati mimi ndiyo kwanza naepua sufuria ya mchana.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Bariadi. Nimezaliwa huku huku, Mnyantuzu, yaani Msukuma wa upande wa mashariki ambaye lafudhi yake huwachekesha Wasukuma wa Mwanza. Kikorea nimejifunza nikiwa mtu mzima, mwenye watoto na madaftari ya kusahihisha, katika mji ambao darasa la Kikorea sijalisikia. Korea kwenyewe sijafika. Lakini naongea. Siongei kama mwenyeji, ila kiasi cha kueleza nilichopika, kulalamikia mvua, kuulizia hali ya mgonjwa na kutania kidogo. Nimefika hapo kwa kuongea, na ada nimelipa kwa Kiswahili. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu vijana wengi wanaokuja kuniuliza wanadhani mambo huenda kinyume: kwanza usome miaka, ndipo ufungue mdomo.

Majirani wao huuliza kingine: Kikorea cha nini huku kwenye pamba? Majibu ya heshima yapo. Wauguzi na wakunga wa Simiyu wanalifahamu jina la KOICA, shirika la serikali ya Korea, kwa kuwa fedha zake zimekuja mkoani kupitia UNFPA kusaidia huduma za uzazi. Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam lilijengwa na kampuni ya Kikorea, GS, likafunguliwa mwaka 2022. Hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo wa Korea. Treni za umeme za reli yetu mpya zimeundwa na Hyundai Rotem. Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa kule kwenye mkutano wa kwanza wa wakuu wa Korea na Afrika. Hayo yote ni kweli na yanafaa kumjibu mkuu wa shule.

Kilichonivuta mimi ni Jumong. Tamthilia ile ilitengenezwa na kituo cha MBC mwaka 2006, vipindi 81, juu ya mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo. Huku ilitufikia kwa CD, ikachezwa vibanda umiza na sebuleni kwa watu, na mtafsiri wetu akipiga kelele juu ya sauti za wahusika. Alipotulia kuvuta pumzi, lugha yenyewe ilipenya kwa sekunde mbili tatu, na mimi nilikuwa nazisubiri sekunde hizo kuliko mapanga. Sentensi zao zilikuwa zinaishia mahali pamoja, kwa mkia ule ule. Nilitaka kujua ule mkia ni wa nini.

Ila tamthilia za kihistoria zina hatari yake. Fundi simu mmoja kijana hapa Somanda alikuwa ameokota maneno yake yote humo, na siku moja aliniomba amsalimie mama wa Daegu. Mama wa watu alicheka mpaka akaweka simu chini. Kijana alikuwa amemwita "jeonha", neno ambalo watumishi wa kasri walimwitia mfalme. Tazama tamthilia kwa ajili ya sikio, na uchague zinazoonyesha watu wa leo wakigombana jikoni na ofisini. Hao ndio wanaosema unachotaka kusema.

Sasa hiyo ada ya Kiswahili. Wakorea wanaokitaka wapo kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili katika kampasi yake ya Yongin, kusini mwa Seoul, na kilianza katika miaka ya 1980. Wapo vijana wa kujitolea wanaoletwa na KOICA, wapo wamisionari, wapo wahandisi na wake zao, na wapo waliomaliza muda wao wakarudi kwao. Mama yangu wa Daegu ni wa kundi hili la mwisho. Aliwahi kujitolea Tanzania, akarudi, na Kiswahili chake kikaanza kumponyoka. Kule hana wa kumwambia hata "pole na kazi".

Tulikutana kwenye programu ya simu ya watu wanaobadilishana lugha. HelloTalk na Tandem ndizo zinazojulikana zaidi. Unaandika lugha uliyonayo na lugha unayoitafuta, nayo inakuletea wenye haja iliyo kinyume na yako. Hapo Mtanzania ana mtaji asioujua. Anayejitangaza kwamba anatoa Kiingereza anashindana na Mmarekani, Mfilipino na Mhindi. Anayetoa Kiswahili foleni yake ni fupi, na yule anayemkuta kwenye foleni ana shida ya kweli. Mtu mwenye shida ya kweli haachi miadi.

Dada zangu niwaambie na hili: programu hizo zina wachumba wa uongo pia. Anayekusifia picha kabla hajauliza neno lolote la Kiswahili hakuja kujifunza. Mfute, endelea na wengine.

Kabla ya simu ya kwanza, jifunze herufi. Hakuna udhuru hapa. Hangul ilibuniwa chini ya Mfalme Sejong, ikakamilika mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446 ili mtu wa kawaida asiyejua maandishi ya Kichina naye asome na kuandika. Korea Kusini huiadhimisha kila tarehe 9 Oktoba. Herufi za msingi ni 24, konsonanti 14 na irabu 10, na kadhaa kati ya hizo konsonanti zilichorwa kwa kufuata kinywa chenyewe: ㄴ ya "n" ni ulimi ulioinua ncha, ㅁ ya "m" ni mdomo uliofungwa. Huandikwa kwa mafungu ya silabi, na mtoto aliyesoma ba be bi bo bu darasa la kwanza atauelewa mpangilio huo upesi. Mtu mwenye bidii ya kadiri huzimaliza ndani ya wiki moja au mbili. Katika makala hii naandika maneno yao kwa herufi zetu kwa ajili ya msomaji, lakini wewe usijifunze hivyo. Herufi za Kilatini huandika irabu mbili mahali ambapo Mkorea anatamka moja, na ukizoea kusoma "eo" kama e na o, kazi ya kujirekebisha baadaye ni kubwa kuliko ya kujifunza Hangul.

Baada ya herufi ni matamshi, na hapa naomba msomaji avumilie kwa sababu ndipo simu nyingi huvunjika. Kikorea kina p za aina tatu, k za aina tatu, t za aina tatu. Mfano ambao mfugaji wa Simiyu hawezi kuusahau ni huu: 불 "bul" ni moto, 풀 "pul" ni nyasi, 뿔 "ppul" ni pembe. Sikio letu la kwanza linasikia neno moja. Tofauti iko kwenye pumzi na mkazo. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwenye nyasi karatasi iruke, kwenye moto itikisike kidogo, kwenye pembe isitikisike kabisa, koo likiwa limekazwa. Wazee wa Mombasa na Lamu wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi wana nafuu kuliko sisi wa bara. Mimi nilijisaidia na pumzi ile inayotoka puani tunapojibu "mhola" kwenye salamu za Kisukuma. Si kitu kile kile, lakini ilinifundisha kwamba pumzi inaweza kuwa sehemu ya neno.

Tatizo letu la pili ni kwamba Waswahili tunapenda silabi iishie na irabu. Mkorea akisema "bap", yaani wali au chakula kwa jumla, sisi tunasema "bapu". Yeye hufunga midomo kwenye p na haifungui tena. Mama wa Daegu alinizoesha kwa kuniamuru ninyamaze na midomo ikiwa imefungwa, huku yeye akihesabu hadi tatu kwa Kikorea. Watoto wangu walidhani naumwa jino.

Sarufi sitaichambua sana, maana mazungumzo yenyewe huifundisha. Inatosha kusema kwamba kitenzi hukaa mwisho, na kwamba vile vipande tunavyovipanga mbele ya mzizi wa kitenzi wao huvipanga nyuma yake. "Gayo" ni anakwenda, "gasseoyo" ni alikwenda. Mahali wanapataja kwa kiambishi cha mwisho, kama tunavyofanya sisi: "jip" ni nyumba, "jibe" ni nyumbani. Kigumu ni kwamba kitenzi chao hakimtaji mtenda. "Meogeosseoyo?" ni umekula, amekula, wamekula, vyovyote, unamjua mtenda kwa kufuata maongezi. Kwa hiyo ukipotewa na maongezi hata kwa dakika moja, hujui tena nani kafanya nini. Ndiyo sababu vitabu peke yake havikuniongelesha. Sentensi ya kitabuni inakuja bila watu, na Kikorea bila watu hakieleweki.

Jambo lililonisaidia kuliko yote nililipata kwa mama yangu mzazi, ambaye Kikorea hajawahi kukisikia. Ni heshima. Ndani ya mazungumzo ya kwanza Mkorea atakuuliza umri, na ukichukia swali hilo umekwama. Anahitaji jibu ili ajue akuite nani na amalizie kitenzi vipi. Taja mwaka wako wa kuzaliwa badala ya umri, kwa sababu wao walikuwa na hesabu yao ambamo mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja. Sheria iliyoanza Juni 2023 imeweka hesabu ya kimataifa katika shughuli rasmi, lakini mazoea hayafi kwa sheria. Ukishajulikana, ule mkia niliousikia kwenye Jumong unajieleza. "Gasseoyo" nasema juu ya mtoto wa jirani aliyekwenda sokoni. Juu ya mama yangu mzazi nasema "gasyeosseoyo", na kile kipande kidogo cha katikati kinainama mbele yake.

Na usitafute neno la kumwitia mtu "wewe". Lipo, lakini kumwambia mkubwa ni ufidhuli ule ule wa kumwambia mzee wa Kiswahili "wewe". Unamwita kwa cheo au kwa udugu. Mimi humwita mama wa Daegu "eonni", dada mkubwa, kama mwanamke anavyomwita mwanamke aliyemzidi. Angekuwa mwanamume anayemwita, angesema "nuna". Kijana mmoja wa Yongin anayesoma Kiswahili chuoni, ambaye naongea naye mara moja moja, ananiita "seonsaengnim", mwalimu, hata tunapobishana. Wana baba mkubwa na baba mdogo kwa maana ile ile yetu, na majina yao, "keunabeoji" na "jageunabeoji", yanasema hivyo hivyo: baba aliye mkubwa, baba aliye mdogo. Shangazi ni "gomo", mama mdogo ni "imo", na hao hawachanganywi. Mzungu anayejifunza Kikorea hukaa wiki nzima juu ya ukurasa huu. Aliyelelewa Bariadi akasalimia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, akangoja mkubwa amalize kuulizia watu na ng'ombe kabla ya kusema shida yake, anausoma ukurasa huo akiwa amesimama.

Mazungumzo yenyewe tunayaendesha hivi. Dakika thelathini Kikorea, dakika thelathini Kiswahili, na Kiingereza ni marufuku mpaka mtu akwame kabisa, kwa sababu Kiingereza kikiruhusiwa kuingia huwa hakitoki. Hatukatizani. Anaposema "kitabu yangu" au "watoto ile", naandika pembeni. Nomino zao hazina ngeli wala upatanisho, kwa hiyo kwake kila kiambishi ni kilima. Naye ananiandikia ya kwangu. Mwishoni tunasomeana, kila mmoja anarudia sentensi iliyonyooshwa kwa sauti mara kadhaa, basi. Mwalimu anayekatiza kila kosa hufundisha mtu kunyamaza. Nimeliona hilo darasani kwangu kabla sijaliona kwenye simu.

Siku za kazi hatupigiani. Tunatumiana ujumbe wa sauti kwa KakaoTalk, programu iliyoanza mwaka 2010 na ambayo kule ndiyo inayotumika kama sisi tunavyotumia WhatsApp. Ujumbe wa sauti hauli bando sana, na unaweza kuusikiliza tena, ukamfuatisha msemaji kipande kwa kipande, ukajirekodi ukimwiga mpaka mshuko na mpando wa sauti ulingane. Simu ina kazi nyingine: haikupi nafasi ya kutafuta neno. Anayetumia ujumbe peke yake atakuwa hodari wa kujiandaa, na siku akikutana na Mkorea uso kwa uso ataomba dakika tano.

Sentensi za kwanza za kukariri ni zile za kuyazuia mazungumzo yasife. "Cheoncheonhi malsseumhae juseyo", tafadhali sema polepole. "Dasi han beon malsseumhae juseyo", tafadhali sema tena. "Jamkkanmanyo", ngoja kidogo. Ukiwa na hizo tatu unaweza kukaa na mtu saa nzima ukijua maneno mia. Na itikia. Mkorea anapoongea hutegemea kusikia "ne, ne" njiani, kama sisi tunavyosema "ehee". Ukikaa kimya ukitafakari, utasikia "yeoboseyo? yeoboseyo?", anadhani mtandao umekata. Kwa mtandao wetu wa Simiyu siku za mvua, huwezi kumlaumu.

Vitabu huanzia kujitambulisha, kuagiza kahawa na kuuliza njia ya kwenda stesheni ya treni. Mimi Bariadi stesheni ya treni sina. Nilichogundua ni kwamba mtu huongea vizuri zaidi juu ya jambo analolijua kuliko msikilizaji wake, hata kama lugha ni chache, kwa kuwa msikilizaji anasubiri. Kwangu jambo hilo ni pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini, na hapa hata mwalimu ana ekari zake. Nilijifunza kusema kupanda, kupalilia, kunyunyizia, kuchuma, mizani, kinu cha kuchambua pamba. Pamba kwao ni "mokhwa". Niliposema neno hilo eonni aliruka: akaniambia juu ya Mun Ik-jeom, mjumbe aliyetumwa China mwaka 1363 ambaye kwa masimulizi yao alirudi na mbegu za pamba amezificha ndani ya kalamu ya brashi. Inasimuliwa kwamba karibu mbegu zote zilikufa na moja ndiyo ikaota, ikalelewa na baba mkwe wake huko Sancheong, na kutoka hiyo watu wakaacha kutetemeka kwa baridi. Wanahistoria wanabishana juu ya ile kalamu. Mimi sikujali. Hadithi hiyo niliifuata karibu yote kwa Kikorea, kwa sababu mbegu, kuota na kuchuma nilikuwa nayo tayari, nikabakiza kukisia vichache.

Siku nyingine ilikuwa matobolwa. Eleza matobolwa kwa Kikorea: viazi vitamu, chemsha, kata, anika juani. Sikumaliza. Akasema "goguma mallaengi", akatuma picha, na kweli yalikuwa matobolwa matupu, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye bei. Michembe, vile vinavyoanikwa vibichi, ilituchukua muda zaidi. Chakula ni mada isiyokwisha nao, kwa kuwa "umekula?" kwao ni salamu kama ilivyo nyumbani kwetu, na dagaa wa Busega niliyemwonyesha alimkumbusha dagaa wa baharini wanaowakaanga wao kwa sukari na soya. Huo mchanganyiko sitaki kuujaribu.

Bei ndiyo iliyonipa taabu. Namba zao ni seti mbili, moja ya Kikorea chenyewe na moja yenye asili ya Kichina. Saa husomwa kwa ya kwanza, dakika kwa ya pili. Hilo halipaswi kumtisha Mswahili, ambaye tano yake ni ya Kibantu na sita yake ni ya Kiarabu na hajawahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Shida iko kwenye fedha. Wao wana neno zima la elfu kumi, "man", na huhesabia hapo: elfu hamsini ni "o-man", man tano. Sisi tuliozoea elfu, halafu laki, halafu milioni, kichwa kinabidi kipange upya makundi. Njia niliyoipata ni kusema laki moja ni man kumi na kuanzia hapo. Zungumzeni bei za sokoni kila wiki, unga huku, mchele kule, na baada ya muda namba zinakuja zenyewe.

Kwa vijana wanaotazama mbali zaidi ya maongezi, nitasema machache na kwa mkato. Mtihani unaotambulika wa Kikorea unaitwa TOPIK, una ngazi sita. Mbili za chini hupima kusikiliza na kusoma, nne za juu huongeza kuandika, na mtihani wa kuzungumza ulianza kando yake mwaka 2022. Ufadhili wa serikali ya Korea, Global Korea Scholarship, hulipa mwaka mmoja wa lugha kabla ya shahada na humtaka mwanafunzi afikie ngazi ya tatu. Huombwa kupitia ubalozi wao Dar es Salaam au vyuo vyenyewe, na kujua Kikorea si sharti la kuomba, ingawa anayejua anaanza mbele. Upande wa kazi za viwandani na mashambani kuna mpango wa vibali unaoitwa EPS, ulioanza mwaka 2004. Unachukua wafanyakazi wa nchi zilizotia saini makubaliano na Korea, nazo ni za Asia. Tanzania haimo. Mtu akikufuata Bariadi, Maswa au Lamadi akisema ukimpa fedha atakuingiza kwenye orodha ya viwanda vya Korea kwa sababu unajua Kikorea, anakuibia, na usione haya kwenda polisi.

Na walimu wenzangu wa Kiswahili, kuanzia Meatu mpaka Busega, mnaokaa na simu kubwa mikononi mkilalamika kwamba somo letu halina soko: fungueni akaunti kwenye hizo programu. Lugha mnayoitafuta mtaichagua wenyewe, iwe Kikorea, Kijapani au Kituruki. Pale mnapoulizwa lugha mnayoitoa, msiandike Kiingereza. Andikeni Kiswahili.